Mguu wa Kushoto Bila Ajira

Mguu wangu wa kushoto umekaa miaka 11 bila kazi. Tangu tuhamie Minneapolis, gari ni otomatiki, haina klachi, kwa hiyo unaohangaika ni wa kulia: mafuta, breki, mafuta, breki, kutwa nzima. Wa kushoto umetulia pembeni na kiatu chake safi, unasubiri kufikishwa. Kwenye foleni nilikuwa nikiutazama nashikwa na hasira. Huu ni mguu uliosomeshwa jamani! Ulifundishwa klachi Tanga, kwenye pikapu ya mjomba ambayo gia ya pili lazima uiombe radhi kwanza ndiyo iingie. Leo umekuja Marekani umekuwa abiria.

Basi shetani akanipitia, nikanunua Mustang ya 1967. Bei sitaitaja, Mama Zuhura naye husoma. V8, injini ya silinda nane wanayoiita 289, lita 4.7, ikiguna tu sahani zinacheza kabatini. Jirani yangu mzee hukasirika ukiiita gari ya misuli, ile wanayoiita muscle car. Anasema Mustang ni ukoo wa farasi wadogo, pony car, misuli ni habari nyingine. Mimi nimelipa bei ya misuli, nitaiita ya misuli.

Nilimweleza Mama Zuhura kwamba Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, na siku tisa baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kwa hiyo hii si gari tu, ni rika la taifa letu. Akaitazama ile gari, akatazama sakafu ya gereji, akauliza, "Na taifa nalo linavuja oil hivi?"

Tatizo ni kibao cha mlangoni, kile cha kiwandani chenye alama za gari. Kwenye sehemu ya giaboksi kimeandikwa W. Maana yake C4, otomatiki ya gia tatu. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, halafu giaboksi linafikiria ombi lako kama karani anayetaka urudi kesho na picha mbili za pasipoti. Kufunga V8 na kitu kile ni sawa na kumwajiri bondia akunje nguo. Nikaamua: inatoka otomatiki, inaingia gia ya mkono, na mguu wangu wa kushoto unarudi kazini.

Nikampigia mjomba nipate baraka. Mjomba ameendesha lori la Mombo na Lushoto mpaka bega moja likawa kubwa kuliko jingine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Za huko?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Yaani gari inajibadilishia gia yenyewe?"

"Ndiyo mjomba."

"Na inakwenda?"

"Inakwenda."

"Sasa wewe unatoa dola ili ukabadilishe kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mjomba."

Kimya. Halafu, kwa upole sana: "Mwanangu, huko baridi ni kali, eh? Hebu nipe mkeo niongee naye."

Bajeti niliyomtajia Mama Zuhura ilikuwa dola 1,500. Hiyo ilikuwa bajeti ya kumtajia. Mimi nilidhani ni kutoa boksi moja na kutia jingine. Nikapata giaboksi la T-5, la gia tano, lililotolewa kwenye Mustang ya miaka ya themanini. Kumbe boksi lenyewe ndiyo mahari tu, bado hujafika kwa mashangazi. Unatakiwa kava lile la umbo la kengele, flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), pleti, preshapleti, beringi yake, uma wake, stata nyingine, mhimili wa chini wa kubebea boksi, propela shafti ya urefu mwingine, na pedali. Pedali! Kipande cha chuma na mpira, lakini kwa kuwa ni cha zamani muuzaji anakitaja bei huku ameshika kifua.

Flaiwili nilinunua mara mbili. Injini yangu inataka yenye uzito wa kusawazisha wa wakia 28. Zile za kuanzia miaka ya themanini zinataka wakia 50. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukikosea, injini inatetemeka kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mimi bila shaka nilianza na ya 50. Ipo hadi leo. Zuhura anaitumia kuzuia mlango usijifunge.

Siku ya kushusha C4 nilikuwa chali chini ya gari, Januari. Nikafungua mirija inayokwenda kwenye rejeta kupooza oil. Sasa, oil ya otomatiki ni nyekundu. Ikanimwagikia kifuani, ikaingia mkononi mpaka kwapani. Zuhura akaja kuniletea chai, akaona baba yake amelala chini ya gari, mwekundu, anatamka maneno ya Tanga yasiyotafsirika. Yowe alilopiga liliwatoa majirani watatu. Mmoja alishaanza kupiga simu.

Pedali ni mateso ya peke yake. Pedali ya breki ya otomatiki ni pana kama kibao cha mbuzi, lazima itoke ili ya klachi ipate nafasi. Kuifikia, unalala miguu juu ya kiti, kichwa kwenye sakafu, usukani unakuchoma mbavu, na nati iko mahali ambapo aliyeifunga mwaka 1967 lazima alikuwa na mkono wenye viwiko viwili. Nilikaa humo saa mbili. Mama Zuhura akachungulia, akaona nyayo zangu kwenye kioo cha nyuma, akaondoka bila kusema neno. Nilisikia akicheka na dada yake kwenye simu.

Halafu likaja suala la bushi.

Giaboksi la T-5 lina kilo 34 hivi. Nililipandisha peke yangu kwa jeki, mbao mbili na dua. Kulilenga liingie kwenye pleti ya klachi ni kama kuvisha uzi kwenye sindano, ila sindano imening'inia darini na uzi ni wa kilo 34. Saa nne za usiku likaingia. Nikafunga bolti ya mwisho. Nikajifuta jasho. Hapo ndipo mzee jirani akatokea mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Huyu mzee ana kipaji: ushauri wake haufiki mpaka bolti ya mwisho ikazwe.

"Bushi ya kwenye krenki uliweka?"

"Bushi gani?"

Akanywa kahawa. Akaitazama dari.

Kumbe nyuma ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini, kuna tundu, na gari ya gia inataka bushi humo, kidude cha dola chache kama pete ya kidole, ndicho kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Otomatiki haina haja nayo, kwa hiyo yangu haikuwa nayo. Boksi likashuka. Klachi ikashuka. Flaiwili ikashuka. Mimi ndiye sikushuka, nilikuwa tayari chini.

Machi kila kitu kikawa kimefungwa. Sakafu nimeitoboa kwa ajili ya mkono wa gia, kazi niliyoifanya nimefumba jicho moja kama mtu anayemtahiri mwanawe. Nikaita familia. Bismillahi, nikageuza ufunguo.

Kimya.

Nikabadili betri. Kimya. Nikaitukana stata, ilhali stata ni mpya. Siku tatu nimepima waya kila kona. Siku ya nne yule mzee akaja, kahawa mkononi, akauliza, "Ile swichi ya P uliunganisha nyaya zake?" Gari ya otomatiki haiwaki mpaka iwe kwenye P ya kuegesha au N ya huru, ndiyo usalama wake. Yangu ilikuwa bado inasubiri kwa adabu niiweke kwenye P. Na P ilikuwa ndani ya ndoo nyuma ya gereji, pamoja na N na ukoo wao wote. Nyaya mbili, nikazishikanisha. Ikawaka. Sahani zikacheza kabatini. Nilitaka kulia, lakini mzee alikuwa anatazama.

Aprili tukatoka, mimi na Mama Zuhura, ametupia khanga juu ya koti. Minneapolis Aprili bado ni baridi ya kugandisha maneno. Nikakanyaga klachi, mguu wa kushoto ukaitika kama askari wa akiba. Ila jambo moja nilisahau. Tanga usukani uko kulia, gia unatia kwa mkono wa kushoto. Huku ni kinyume. Mguu ulikumbuka kila kitu, na mkono nao ukakumbuka: wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta gia ya pili, ukakuta kishikio cha mlangoni, ukakizungusha. Nikashusha kioo. Gia ya tatu, kioo kikashuka chote. Upepo ukaingia kama mdai.

"Baba Zuhura, unafanya nini?"

"Nabadili gia."

Kwenye taa za barabarani, kwenye mlima, gari ikazimika. Nikawasha, ikaruka kama chura, ikazimika. Honi nyuma. Taa zikawa kijani, nyekundu, kijani. Mama Zuhura akafunga khanga vizuri kiunoni. "Shuka," akasema.

Nilikuwa nimesahau kwamba mwanamke huyu amekulia kwenye mashamba ya mkonge Muheza, na baba yake alimpandisha kwenye trekta kabla hajavunja ungo. Akakaa, akavuta kiti, akaachia klachi taratibu kama anayemlaza mtoto. Mustang ikaondoka bila kutingisha hata khanga. Pili, tatu, nne. Kwenye barabara kuu akatia ya tano, injini ikashusha pumzi, naye akapandisha kile kioo nilichokishusha.

Asubuhi yake nilipoamka kwenda kazini, funguo za Mustang hazikuwepo msumarini. Zilikuwepo za Corolla.

Otomatiki.