Kati ya stetasi na meza ya Majengo: nilichokiona kwenye kuuza mafuta ya alizeti mtandaoni

Juzi tulikuwa saluni huku Nkuhungu, tumekaa watu 6 tunasubiri zamu, stori ikaangukia kwenye biashara. Dada mmoja anayeuza mitumba akasema siku hizi ukifungua biashara bila peji ya Insta ujue umefungua stoo, hujafungua duka. Kuna mama ana meza yake ya karanga na ubuyu soko la Majengo miaka mingi, akamjibu hapohapo, "mimi mteja wangu namwona usoni, nyie wa kwenu mnaona kidole gumba tu." Tulicheka mpaka msusi akaacha kusuka. Ila mi nilitoka pale bado nawaza, maana niko katikati yao, nauza mafuta ya alizeti, sina fremu, madumu yanakaa nyumbani sebuleni na wateja wengi nawapata kwa simu.

Tuanze na huyu dada wa mitumba, maana kwa Dodoma hii ya sasa ana hoja nzito. Huu mji umejaa wageni. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku, watumishi wamekuja na familia zao, wako Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Kisasa, na wengi hawana shangazi hapa wala jirani wa zamani wa kuwaambia mafuta mazuri yanapatikana kwa nani. Mtu anatoka kazini Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, jua limezama, saa ngapi ataenda kuzunguka sokoni? Huyo anashika simu. Alafu kuna wanafunzi wa UDOM, na kuna msimu wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, mji unafura mpaka chumba cha gesti unakigombania. Mtu wa miezi mitatu hawezi kukujua kwa njia ya zamani, ya kuzoeana taratibu. Zamani ilikuwa gari la matangazo linapita na spika yake, na nani ataleta gari la matangazo mpaka Iyumbu kwa ajili ya madumu 40 ya mafuta?

Na kuna kitu mtandao unafanya ambacho meza haiwezi. Mtu anayenunua alizeti ya kukamuliwa kienyeji swali lake la kwanza sio bei, anauliza "hayatoi povu?" Anayejua anajua, mafuta yasipochujwa vizuri ukitia maandazi povu linapanda mpaka linamwagikia jiko, na watu wameshaumizwa sana na hilo. Sasa dumu limefungwa, utamhakikishiaje? Siku moja nikaweka kikaango jikoni, nikategesha simu juu ya kopo la unga, nikarekodi maandazi yanaiva, sijaongea neno, unasikia tu yale mafuta yanavyochemka na unaona juu pako safi. Sekunde kama 40 hivi. Ile video iliniuzia kuliko maneno yote niliyowahi kuandika, na nilikuwa naandika sana, "mafuta safi, mafuta bora, karibuni wapendwa", nani asiyeandika hivyo.

Haya, upande wa mama wa karanga.

Ile video yangu ilivyoenda mbali ikaibiwa. Mtu akaichukua, akabandika namba yake, akatangaza anatuma mikoa yote, lipia kwanza. Nilikuja kujua pale kaka mmoja wa Dar aliponiandikia matusi inbox kwamba nimekula 80,000 yake. Nikamwonyesha namba yangu na ile aliyolipia, tofauti kabisa, akaelewa, ila hela yake ilishaenda na mi jina langu likabaki na doa kwenye komenti zake alizokwishaandika. Pale Majengo huwezi kuibiwa meza. Mteja akikuta karanga zimeoza anarudi kesho asubuhi na mfuko wake mkononi na wewe uko palepale, hiyo peke yake ni dhamana ambayo sisi wa mtandaoni tunaitafuta kwa tabu, mara tuweke picha za risiti, mara skrinshoti za wateja wakisema asante dear.

Hapo hapo kwenye skrinshoti tuwe makini jamani, ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, ukiposti chati ya mteja na jina na namba yake bila ruhusa unajitafutia kesi kwa dumu moja la lita 5.

Alafu kuna muda. Hili halisemwi. Mteja wa sokoni anauliza bei, anajibiwa, ananunua au anaondoka, dakika mbili. Wa Insta anauliza bei ambayo umeiandika chini ya picha, unamjibu, anauliza uko wapi, unamjibu, anauliza mpaka Mwanza ni shilingi ngapi, unapiga simu kwa watu wa basi unamjibu, anasema "sawa ntakucheki". Hakucheki. Na wewe wa kuandika "bei njoo inbox" ndo unajiongezea mzigo bure, kwanini ufiche bei ya mafuta kama vile ni siri ya jeshi, weka bei, asiyeimudu apite, usiku ulale. Kuna kipindi nilikuwa najibu meseji mpaka saa 6 usiku na asubuhi nikihesabu nimeuza dumu moja.

Kwahiyo mwaka huu nikaanza daftari. Kila anayenunua namuuliza, umenijuaje? Nagawa kurasa: stetasi ya WhatsApp, Insta, kaambiwa na mtu, kapita njiani. Baada ya miezi kadhaa stetasi na kuambiwa zimejaza kurasa, Insta haijamaliza hata ukurasa mmoja, na folowazi wengi ninao huko huko. Nikajua nimepata jibu, mama wa karanga kashinda, Insta ni kelele.

Ila nikaanza kuwafuatilia hao "nimeambiwa". Nani kakwambia? Wengi wa Mtumba wakawa wanamtaja dada mmoja wa ofisi fulani. Huyo dada yeye kanijuaje? Nikarudi nyuma kwenye daftari: aliona video ya maandazi Insta, akachukua dumu la lita 20, akagawana na wenzake. Yani ofisi nzima imeandikwa kwenye ukurasa wa "kaambiwa" wakati mlango ulifunguliwa na Insta. Hapo hesabu yangu ikavurugika, na nadhani ndo inavyovurugika kwa wengi, tunaipa sifa njia ya mwisho mteja aliyopitia na kuisahau ya kwanza.

Kwa hiyo mi naona hivi, Insta na TikTok zinakuletea mgeni, WhatsApp inamtunza, na mgeni asipotunzwa ile video ilikuwa burudani tu. Na kumtunza kuna ufundi wake ambao watu hawaufuati. Stetasi inakaa masaa 24, na ukiiacha kwenye mpangilio wa kawaida anaiona mtu uliyemsevu na yeye kakusevu. Ile ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mkupuo, broadikasti, orodha moja inabeba watu 256 na inamfikia tu aliyeisevu namba yako. Sasa mtu anauza dumu, anapokea hela kwa Lipa Namba, anasema asante, basi. Hajamwambia mteja "nisevu, andika Alizeti Nkuhungu". Wiki sita mafuta yanaisha jikoni, mteja hakumbuki hata ulikuwa nani, anatuma mtoto duka la jirani. Mi naona kusevuliwa ndo mtaji wenyewe, folowazi elfu kumi wasio na namba yako ni watu wamesimama ng'ambo ya barabara.

Kuhusu kulipia matangazo, kuboost, sitalisema sana. Ukiacha mfumo ukuchagulie watu wenyewe unaweza kujikuta unapendwa na watu wa mikoa ambayo huwezi kufikisha hata kijiko. Chagua Dodoma, weka kilomita chache, na lipia pale mji umejaa. Mi nitajaribu Aprili Bunge likianza, kabla ya hapo hela yangu inunue madumu.

Lingine ni kwamba hilo duka letu la mtandaoni ufunguo wake anao mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Insta na WhatsApp zilizima kwa pamoja kama masaa 6, kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku wa manane. Mei 2024 mikongo ya baharini ikakatika, mtandao ukawa unatambaa siku kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Hiyo mara ya mwisho nilikuwa na oda za madumu na ramani za nyumba za watu ziko kwenye chati nisizoweza kuzifungua. Tangu hapo namba na mtaa wa kila mteja naandika kwenye daftari kwa peni, mwanangu ananiita mzee wa kumbukumbu.

Sasa mama wa karanga. Jana kanipigia, kumbe namba yangu aliichukua kwa msusi. "Dada, mbukwa. Ile video yako ya maandazi mjukuu wangu kanionyesha, naomba unipostie na karanga zangu." Nikamwambia hamna shida mama, ntakuja nikurekodi unavyokaanga, tuweke na namba yako. Akakataa katakata. "Namba usiweke. Waambie waje Majengo, meza ya pili ukitokea kwenye viazi, wazionje kwanza."