MC sita na supu ya pweza

Ligi ilikuwa mapumzikoni, Coastal Union hawana mechi, African Sports hawana mechi, na kijiwe chetu cha kahawa pale Barabara ya 12 hakikuwa na la kubishania. Mtu wa Tanga akikosa ubishi siku tatu, anaanza kuulizia bei ya dawa. Shemeji yangu, fundi baiskeli, ndiye aliyetuletea balaa. Alikuwa anapekua simu kutafuta mechi yoyote ya kuwekea mkeka, hata ya nchi asiyoijua, akakuta gofu imejificha chini kabisa, chini ya tenisi ya mezani.

"Ticha," akaniita. Nafundisha hesabu, kwa hiyo kijiwe kilishaamua kwamba chochote chenye namba ni changu, kuanzia luku hadi mirathi. "Huyu jamaa anaongoza kwa hasi 14. Mtu mwenye hasi anaongozaje?"

Kwa watu wa mpira, swali la haki kabisa. Timu yenye hasi 14 huku kwetu inashuka daraja na katibu wake anahama mtaa. Nikawaeleza kwamba kila uwanja wa gofu umewekewa idadi ya mapigo, inaitwa pa, mara nyingi 70 hadi 72 kwa mashimo 18. Ukitumia pungufu ya hapo unaandikiwa hasi, na mwenye mapigo machache kuliko wote ndiye bingwa.

"Kumbe kwenye gofu kidogo ndiyo kingi," akasema Shemeji.

Nikasema ndiyo. Neno moja tu, na limenigharimu.

Tukaanzisha ligi yetu ya fantasi kwenye daftari, kwa mtindo wa Wamarekani: kila mtu ana dola 50,000 za kufikirika, ananunua wachezaji sita, wazuri bei juu, wabovu bei ya kutupa. Shindano ni la siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili. Mkutano wa kuchagua ukafanyika Jumatano baada ya Isha, na hapo ndipo nilipotoa somo ambalo hata Chuo Kikuu wangelilipia.

Takwimu za zamani za gofu, nikawaambia, zinadanganya. Mtu anasifiwa amepati mara chache, yaani kuusukuma mpira shimoni akiwa kwenye grini, pale penye majani mafupi kuzunguka shimo, kumbe mpira wake ulishatua hatua mbili kutoka shimoni, hata Mzee wa kahawa angeutumbukiza. Ndipo Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akatengeneza hesabu ya mapigo ya faida, na mwaka 2011 PGA Tour, waandaaji wa mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, wakaanza kuitumia, wakianzia na kupati. Inafanya kazi hivi: kutoka futi 8, wachezaji wa kulipwa hutumia wastani wa mapigo 1.5, maana karibu nusu ya mara wanatumbukiza kwa pigo moja na zinazobaki kwa mawili. Ukitumbukiza kwa moja, umepata faida ya nusu pigo. Ukitumia mawili, umekula hasara ya nusu. Hesabu hiyo hiyo inafanywa kwa pigo la kuanzia, pigo la kuelekea grini, vile vipigo vya pembeni mwa grini, na kupati kwenyewe. Unajumlisha, unajua nani anakula na nani analiwa.

"Na hapa," nikasema, "namba kubwa ndiyo nzuri." Nilisema. Nikarudia. Mzee wa kahawa alikuwepo, ingawa siku hizi anadai alikuwa anapuliza mkaa.

Ami, ambaye ni mkubwa wetu na hajawahi kushindwa ubishi tangu nimjue, akashikilia kwamba atachagua wanaopati vizuri tu, maana mpira usipoingia shimoni yaliyobaki yote ni matembezi. Nikamwambia Ami, kwa heshima zote, kupati kunapanda na kushuka kila wiki; kinachotegemeka zaidi ni pigo la kuelekea grini. Nikamtolea mfano Mmarekani Scottie Scheffler. Mwaka 2023 alikuwa wa 162 kwa kupati, na bado hakuna aliyemfikia kwa jumla ya mapigo ya faida.

Ami akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akageuza kikombe. "Huyo ana mganga," akasema. Mada ikafungwa.

Shemeji yeye hakubisha. Ningeshtuka mapema. Alikaa pembeni na simu yake, akiguna kwa raha, halafu akaandika majina sita kwenye daftari na kutangaza kwamba amebakiza chenji. Kwenye ligi yenye dola 50,000, yeye alitumia kama 38,000 na kikosi kimetimia. Akatucheka kwamba sisi tumenunua kama watalii.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nasikia kengele ya baiskeli dirishani. Shemeji, juu ya baiskeli yangu mwenyewe, ambayo kwa maelezo yake haitembei na inasubiri cheni kutoka Dar.

"Shem, amka! Vijana wangu wote sita wamepewa cheo! Wameandikwa MC!"

Nikatoka na kanzu ya kulalia. Nikaangalia simu yake. Kweli bwana, majina sita, MC sita, kwa pamoja wangetosha kusherehesha harusi zote za Ngamiani mpaka mwezi wa Ramadhani. Nikamkalisha kwenye ngazi. Baada ya siku mbili, nikamwambia, wanabakizwa wachezaji 65 wa kwanza pamoja na waliolingana na wa 65, wengine wanarudi makwao. Hiyo MC ni alama ya waliochujwa. Vijana wako wapo uwanja wa ndege.

"Wote?"

"Wote."

Nikamwomba anionyeshe alivyochagua. Alikuwa amefungua jedwali la mapigo ya faida na kuligeuza ili namba ndogo kuliko zote zikae juu. Wa kwanza ana hasi. Wa pili ana hasi. Akawachukua sita waliofuatana, kwa mpangilio, bila kuruka hata mmoja. Kati ya watu zaidi ya mia wanaolipwa kupiga mpira huo, Shemeji alikuwa amewatafuta wabovu kuliko wote kwa umakini ambao sijawahi kuuona akifunga breki.

"Si ulisema kidogo ndiyo kingi?"

Sikumjibu. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango anacheka, na yule ni kaka yake.

Ligi ya daftari alishinda Ami, kwa wachezaji wake wa kupati. Tusiliongelee.

Ila ulikuwepo mkeka wa kweli. Watu watano tulichanga elfu mbili mbili, jumla 10,000, tukamweka Mkorea mmoja niliyemchagua mimi kwa mapigo yake ya kuelekea grini: amalize ndani ya kumi bora, odi 4.00. Akija, tunachukua 40,000. Usiku wa Jumapili nilikesha peke yangu, maana kule kukiwa jioni huku ni saa nane za usiku. Mkorea akamaliza wa 10! Ila hakumaliza peke yake. Walilingana watano kwenye nafasi hiyo ya 10.

Simu ikaita. Shemeji.

"Ticha, tumekula!"

"Tumekula, lakini sikiliza. Nafasi iliyobaki ni moja na wao wako watano. Wakilingana hivyo, dau linagawanywa..."

"Salio linaisha Shem, tutaonana!" Akakata.

Sheria yenyewe ni rahisi kwa asiyekata simu. Nafasi moja, watu watano: dau la 10,000 linagawanywa kwa tano, inabaki 2,000, hiyo ndiyo inayozidishwa kwa 4. Unapata 8,000. Yaani umetabiri sawasawa, mkeka umeandikwa umeshinda kwa rangi ya kijani, na umepoteza 2,000. Mpira wa miguu haujawahi kunifanyia ufedhuli huo.

Asubuhi napita kijiweni nikienda kazini, kwa miguu, nakuta karamu. Shemeji ameagiza sufuria zima la supu ya pweza na chapati kwa mama wa jirani, kwa mkopo, 32,000. Hesabu alishaipiga: arobaini toa thelathini na mbili, inabaki nane ya mkeka ujao. Kijiwe kizima kinakula, hata wasiochanga, hata bodaboda wawili waliokuwa wanapita tu. Wananipigia makofi. Nikaomba simu, nikafungua akaunti, nikamwonyesha.

Nane ipo. Ile arobaini ndiyo haipo.

Shemeji akatazama namba, akatazama sufuria, akasimama kwa ujasiri wa mtu aliyeshiba. "Mama," akamwambia mwenye supu, "kwa sheria ya gofu, watu watano wakilingana, malipo yanagawanywa kwa tano. Sisi tuliochanga ni watano. Kwa hiyo unatudai 6,400 tu, na chenji nakuachia."

Mama akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu. "Mwanangu, pweza ana mikono minane. Tukianza sheria, mimi nazidisha."

Ami akakohoa na kukumbuka ana mgonjwa Makorora. Bodaboda waliondoka bila hata kuwasha pikipiki, wakizisukuma. Mama akachukua ile 8,000 kwanza, kisha akataka rehani ya hizo 24,000, na Shemeji, bila kunitazama, akamsogezea baiskeli.

Mama anaiendesha mpaka leo kwenda kununua samaki Deep Sea. Anasema cheni haina tatizo lolote.