Kabla ya kuacha urubani, hesabu saa

Rubani msaidizi akilalamikia kazi yake, kuanzia mtaani Kondele, Kisumu, hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ataulizwa analipwa ngapi. Mimi ningeanza kwingine: kati ya saa anazoruka, ngapi zinahesabika?

Chukua ndege ndogo ya Cessna Caravan. Imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hata pale serikali inapotaka awepo wa pili, saa za huyo wa pili huhesabiwa nusu tu kuelekea leseni ya juu, isipokuwa mamlaka ya nchi iwe imekubali vingine. ATPL, ndiyo leseni hiyo ya juu, inadai saa 1,500. Msaidizi wa Caravan mwenye saa 200 anayeruka saa 30 kwa mwezi hupata 360 kwa mwaka, lakini zinazosogea ni 180. Zimebaki 1,300. Hiyo ni zaidi ya miaka saba. Mwenzake kwenye Dash 8, ndege ya marubani wawili, akiruka saa 60 kwa mwezi atamaliza kabla ya miaka miwili. Mishahara yao ikilingana leo, bado hawako kazi moja.

Kwa hiyo rubani wa Dash 8 avumilie. Wa Caravan asiyeahidiwa kwa maandishi kiti cha kushoto, yaani cha rubani mkuu, naona aondoke, ila asiache urubani akakimbilia kuuza vifaa vya ujenzi; afundishe marubani wanafunzi. Ukufunzi unachosha na malipo yake si ya kujivunia, lakini saa za mkufunzi akiwa rubani mkuu wa ndege huingia zote.

Kama familia iliuza shamba la Vihiga kulipa karo ya urubani, limekwenda, na kung'ang'ania kiti kisichosonga hakulirudishi. Wazee waelezwe hivyo, kwa adabu.

Mshahara nao usome kwa mwezi mbaya. Anayelipwa kwa saa kwenye safari za mbugani asipige hesabu kwa Agosti, watalii wanapojaa Mara. Apige kwa Aprili, mvua inyeshe na ndege zilale. Kama Aprili hailipi kodi ya nyumba, hiyo ni kazi ya msimu.

Kampuni nazo hufa. Jetlink, iliyokuwa ikitua Kisumu, ilisimama Novemba 2012. Kwa hiyo logibuku, daftari la saa zako za kuruka, isainiwe kila mwezi, maana ofisi ikishafungwa utamtafuta nani athibitishe saa zako? Na ukisikia fununu za kupunguza wafanyakazi, usiharakishe kujiuzulu: Sheria ya Ajira ya 2007 humpa anayepunguzwa malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Anayejiondoa mwenyewe hana dai hilo.

Kisha bondi ya mafunzo, yaani gharama ya mafunzo unayodaiwa na kampuni ukiondoka kabla ya muda mliokubaliana. Tuseme ni shilingi 1,200,000 kwa miezi 36. Ikiwa hupungua kila mwezi, ukiondoka baada ya miezi 24 unadaiwa 400,000. Ikiwa haipungui, unadaiwa yote. Tofauti hiyo huwa sentensi moja tu ndani ya mkataba, na wengi huisoma wakishaandika barua ya kujiuzulu.

Ukiondoka, cheti cha afya cha Daraja la Kwanza kiendelee kufanywa upya. Kwa aliye chini ya miaka 40 hudumu miezi 12. Ili ubebe abiria unahitaji pia kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 kwa ndege ya aina hiyo hiyo, na kwa ndege ndogo hilo linawezekana kwa kukodi, Jumamosi moja, kabla hujapanda basi la kurudi Kisumu.