"Zima ruta, washa tena" si matibabu

Inakera. Intaneti ya nyumbani inakatika kila baada ya dakika chache, unapiga simu huduma kwa wateja, na jibu ni lilelile: zima ruta, washa tena. Mara nyingine mtandao unarudi, lakini hujui tatizo lilikuwa wapi, na jioni unakatika tena.

Kupima ni kazi ndogo: amri ya ping hutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) mara mbili. Dirisha la kwanza andika ping -t 192.168.1.1, anwani ya ruta yako (ruta nyingine ni 192.168.0.1; amri ya ipconfig itakuonyesha kwenye Default Gateway), la pili ping -t 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Yaache mpaka mtandao ukatike. Yakigoma yote mawili, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, au kwenye ruta yenyewe. Likigoma la pili tu, kwa kawaida tatizo liko kwenye laini, na fundi wa kampuni ya intaneti anapaswa kuja. Yote yanajibu lakini kurasa hazifunguki? Kagua DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), jaribu ya 1.1.1.1.

Matatizo mengi ya ndani ya nyumba ni ya Wi-Fi. Chomeka waya wa mtandao (Cat5e) kati ya kompyuta na ruta. Mtandao ukitulia, umempata mchawi. Kwenye maghorofa, ruta za majirani hugombania masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo chagua chaneli 1, 6 au 11 iliyo tupu, au hamia 5 GHz kama ruta haiko mbali.

Na taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki. Angalia kama waya umepindwa au umechomoka. Kumwambia mteja wa namna hiyo awashe upya mara tano ni kumpotezea muda.