Kitani cha Februari

Fundi aliniuliza mara mbili. Tulikuwa kibandani kwake Ngamiani, Tanga, tepu ikimning'inia shingoni, chaki sikioni.

"Suruali nitie bitana?"

Nikamjibu kwa maringo ya mtu aliyetoka Ulaya (kwetu hata Marekani ni Ulaya), "Bitana ya nini, fundi? Nataka nipate upepo."

Akanitazama kidogo, akaandika kwenye daftari lake. Mafundi wa Ngamiani hawabishani na mteja anayelipa taslimu. Suti ikatoka, kitani cheupe pe, na juu yake fundi akaniongezea kaptula mbili za ndani za bure, alizoshona kwa kipande cha kanga kilichobaki kwenye foronya za mke wangu. Pamba tupu, nyepesi. Nikamshukuru sana. Wala sikuzigeuza nyuma kuziangalia.

Nikarudi na suti ile Chicago kama mtu aliyebeba yai. Kazini kwetu kuna mzee mmoja mzaliwa wa Louisiana, mtu wa kuvaa, nikamwonyesha picha. Akasifia, kisha akanipa masharti. Nguo nyeupe, kitani na sirisaka, akasema, hutoka kabatini Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na Labor Day ikifika, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, zinarudi zilikotoka. Kwao kusini, akaongeza, wengine huanza Pasaka, kwa kuwa jua haliwasubiri. Na sirisaka ndicho kile kitambaa cha milia kilichojikunyata, ambacho hata maseneta wa Washington wana Alhamisi yao ya Juni ya kukivaa kwa pamoja. (Jina lake limetoka Kiajemi, shir o shakar, maziwa na sukari. Nilipomwambia kwamba hiyo shakar na sukari yetu ni ndugu wa damu, alifurahi kuliko mimi.)

Mimi masharti yale niliyaona ya ajabu. Mtu umezaliwa Tanga, joto Januari mpaka Desemba, leo unaambiwa kitani kina msimu kama embe!

Basi ikafika Jumanne, tarehe 27 Februari 2024. Waliokuwa Chicago siku ile hawajaisahau. Katikati ya Januari tulikuwa tumeganda mpaka magari ya umeme yakakwama kwenye vituo vya kuchajia, halafu siku hiyo mchana joto likapita nyuzi 20 za Selsiasi, na bado lilikuwa linapanda. Watu wametoka na kaptula. Kando ya ziwa kulikuwa na mtu tumbo wazi anakimbiza mbwa. Na jioni ya siku hiyohiyo nilikuwa na shughuli: mpwa wangu anaposa, na mimi ndiye mshenga. Wakwe ni watu wa Bukavu, Kongo, wanakaa Rogers Park, na baba wa binti hupumzika Jumanne.

Mke wangu alikuwa mlangoni anakwenda zamu ya usiku. Akanipima kuanzia kola hadi viatu.

"Baba, huu mwezi wa pili."

"Lakini joto la mwezi wa saba."

"Joto la kuazima hilo. Chukua koti."

Nikamwitikia "nimesikia", neno ambalo wanaume tunalipenda kwa sababu halituahidishi kitu. Koti likabaki kwenye msumari. Na kwa kuwa nguo nyingine zote za ndani zilikuwa kwenye kapu la kufuliwa, nikavaa moja ya zile za fundi.

Tukapokelewa vizuri. Ghorofa ya tatu, madirisha wazi, harufu ya sombe, kisamvu chao, inatoka jikoni. Baba mkwe alikuwa amevaa suti ya sufu nyeusi, na kizibao ndani, tai imekazwa, na hakutoka jasho hata tone. Akanishika mkono, mkono wa pili ukapanda kwenye ukosi wa koti langu, akausugua kwa vidole viwili kama anayepima unga.

"Kitambaa muzuri, mujumbe." Akanyamaza kidogo. "Lakini mwezi wa pili?"

Huyo wa pili kwa siku moja. Nikacheka kidiplomasia.

Niseme ukweli kuhusu kitani: kinakunjika kwa kutazamwa tu. Kwenye joto hakina mpinzani, kinanyonya jasho na kupitisha upepo mpaka unasahau umevaa nini, ila ukikikalia, kimekwisha. Mimi nilikaa saa tatu kwenye kochi la kuzama, kati ya mzee wetu wa Kigoma na mto wenye manyoya. Niliposimama kujibu hotuba ya ukaribisho, suruali nyuma ya magoti ilikuwa na marinda kama sketi ya shule, na mbele imetuna vifuko viwili, kana kwamba nimeficha machungwa. Binti mmoja mdogo alinitazama magoti mwanzo wa hotuba mpaka mwisho.

Tulikuwa tumefika kwenye mbuzi wa nne simu za watu zilipoanza kulia kwa pamoja. Tahadhari ya dhoruba. (Jioni ile vimbunga kadhaa viligusa vitongoji vya nje ya mji, sisi tulipata mvua na radi.) Madirisha yakafungwa. Tulivyotulia tu, msemaji wa familia akakunja karatasi yake.

"Hatuwezi kusoma orodha koo ikiwa kavu. Vinywaji viko wapi?"

Vinywaji vilikuwa garini. Gari lilikuwa mtaa wa pili, maana kupata pa kuegesha Rogers Park jioni ni bahati nasibu. Mpwa wangu hakuruhusiwa kuinuka, ndiye anayeposa. Mzee wa Kigoma akayashika magoti yake kabla hata sijamwangalia. Na mshenga kazi yake ndiyo hiyo.

Kwenda nilikwenda mbio, nikafika kwenye gari nimelowa mabega tu. Kurudi ndipo mbingu ilipofunguka. Kreti moja begani, nyingine nimeikumbatia, mvua inapiga kutoka ubavuni, na ndani yake kuna vipunje vya mawe vinavyodunda juu ya chupa, ti-ti-ti. Upepo niliouomba kwa fundi nikaupata wote. Ngazi tatu nikazipanda natoa maji kama dau linalovuja.

Mlango ukafunguliwa. Watu kama ishirini wamenyamaza, wananisubiri mimi. Nikajisemea, mshenga ni heshima, nikaingia wima, nikatembea mpaka katikati ya zulia, nikawapa mgongo akina mama, nikainama taratibu kushusha kreti ili chupa zisigongane.

Kitani cheupe kisicho na bitana kikilowa huwa kama kioo cha dirisha. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kanga ile ya foronya ilikuwa na jina lake, kama kanga zote, yale maandishi makubwa meusi juu ya pindo. Jina lake lilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Fundi, katika kubana kitambaa, alikuwa amekata mwanzo na mwisho, na maneno mawili ya kati akayapanga vizuri kabisa, moja kila upande wa mshono wa nyuma.

Bibi wa binti alikuwa kwenye kiti cha mbele. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama wazee wanavyosoma barua:

"Njo-o... mwe-nye-ji."

Nilisikia friji ya jikoni inavyonguruma. Kisha baba mkwe, bila kubadilisha uso, akajibu:

"Tumekuya, mujumbe."

Walicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Mzee wa Kigoma, mtu wangu mwenyewe, wa upande wangu, alitoka akaenda kucheka msalani. Mpwa wangu alijifunika uso kwa bahasha ya posa. Mama mkwe ndiye aliyenihurumia: alichomoa kitenge kabatini akanirushia, nikajifunga kiunoni palepale, na baba mkwe akaniletea koti lake la zamani la majira ya baridi, zito kama godoro, likanifika magotini.

Hivyo ndivyo nilivyomalizia posa. Na niwaambie, mtu aliyejifunga kitenge cha mwenyeji hana nguvu ya kubishania mbuzi. Nilikuwa nimepanga kuwashusha kutoka wanne hadi wawili. Tulimalizia sita.

Tulipotoka karibu na saa sita usiku, ule mwezi wa saba wangu ulikuwa umerudishwa kwa mwenyewe. Upepo umegeuka, unakata. Kabla ya kupambazuka ilikuwa imeshuka chini ya sifuri, na asubuhi nikaona dirishani vipande vya theluji vinapita. Nilikuwa bado nipo ndani ya koti la baba mkwe, nimejikunja kitandani, mke wangu aliporudi kazini. Hakuuliza habari za posa. Alisimama mbele ya kiti.

"Kitenge cha nani hiki?"

Nikamweleza yote, tangu fundi. Aliposikia habari ya jina la kanga alikaa chini sakafuni na viatu vyake vya kazini, akaniomba nirudie pale pa bibi kuvaa miwani. Nikarudia. Akaniomba tena.

Jumapili yake orodha rasmi ya mahari ikaingia kwenye WhatsApp, imechapwa vizuri. Mbuzi sita. Vitenge vya mama, na kimoja cha ziada "badala ya kile cha mujumbe". Blanketi la bibi. Na karibu na mwisho, "kostimu ya baba", yaani suti, ambayo mwanzoni iliandikwa kwa maneno matatu tu, sasa imepewa mistari yake mwenyewe: iwe ya sufu, rangi ya kuiva, vipande vitatu. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu, kwa mwandiko wa pole wa kizee:

"Bitana itiwe. Hata suruali."