Metodi isiyotajwa jina

Jana dogo mmoja kazini kanitumia kodi nimpitishie (kodi ya kompyuta, ile ya nyumba ina kesi yake), na meseji ya majigambo juu: "Kaka, mistari 40 nimeifanya miwili." Nikafungua. Switchi yote (ile orodha ya "ikiwa hivi, fanya vile") imeng'olewa, mahala pake jina la metodi (kipande cha kodi unachokiita kwa jina kikufanyie kazi) laundwa kwa kuunganisha "hesabu" na neno lililotoka kwenye databesi, paramita (vitu inavyopewa metodi ivifanyie kazi) zimerundikwa kwenye arei, yaani orodha, halafu call_user_func_array, amri ya lugha ya PHP ya kuita kwa jina ulilolipa, imalizie. Kahawa ilinikwama kooni wallahi.

Na sio kwamba siujui utamu wake. Huo ujanja nimeufanya mimi mwenyewe, tena sana, enzi zile najiona fundi kweli kweli.

Hebu nwaambie ulivyonirudi. Nilikuwa naangalia mfumo wa jamaa fulani wa kliaringi, watu wa kutoa makontena bandarini. Siku hiyo nikaamua kufagia, nikakuta metodi yaitwa hesabuStoreji, nikaitafuta mradi mzima, hakuna anayeiita hata mmoja. Nikafuta. Testi zikapita (zote tatu, msicheke), nikaenda zangu Lighthouse ya Mombasa kula mihogo. Asubuhi simu haipoi, invoisi hazitoki. Na mwenye kampuni hajui metodi ni mnyama gani, yeye ajua siku za bure zikiisha storeji (ada ya kontena kukaa bandarini) yahesabika, na kontena la mteja liko pale pale. Kumbe ile metodi ilikuwa yaitwa kila siku ya Mungu, ila jina lake halikuandikwa popote likiwa zima, nusu kwenye faili, nusu kwenye databesi. Na aliyeandika mistari ile ya kuliunganisha jina alikuwa nani? Mimi, miaka miwili nyuma.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ukimwita mtu kwa jina pale Mji wa Kale, dirishani, mtaa mzima wajua nani kaita na nani kaitika, hata usipotaka. Huu mtindo ni kama kumpa mtoto karatasi iliyokunjwa ampelekee mtu, na karatasi yenyewe yaandikwa njiani. Edita, programu unayoandikia kodi, haioni, ukibadilisha jina la metodi haikufuati, na anayekuja nyuma yako atafuta vitu hai akidhani ni maiti. Mistari 38 umeokoa, sawa, hongera, sasa nani atalipa zile saa za kuitafuta?

Paramita nazo zina kisirani chao. Mpaka PHP 7, call_user_func_array ilikuwa haijali funguo za arei (majina unayovibandika vitu vya ndani), yaangalia mpangilio tu, hivyo watu tukajiandikia 'kontena' na 'siku' ilimradi isomeke. Ikaja PHP 8.0 mwaka 2020, funguo zikawa majina ya paramita. Metodi yako yataka $namba wewe umeipa 'kontena', yakurushia "Unknown named parameter", yaani paramita ya jina hilo haijulikani, na kazi imesimama, na kodi hukuigusa hata herufi. Dawa ni array_values ya kuzivua hizo funguo, neno moja, lakini kulijua neno lenyewe kulinila Jumamosi nzima.

Na kama lile neno la kuundia jina la metodi latoka kwenye fomu ya mtumiaji basi umempa mgeni funguo za nyumba achague chumba. Kwa Ruby, lugha nyengine, ndio kabisa, amri yake ya send yafungua hata metodi za private (za ndani, wa nje hatakiwi kuziita), angalau public_send yaona haya, hizo haizigusi.

Haya, najua mtasema freimuwaki zote (mifumo iliyo tayari ya kujengea programu) zafanya hivyo. Ndio, zafanya. Ruta, ile inayopeleka kila ombi kwa kodi yake, haiwezi kujua kontrola zako (hiyo kodi inayopokea maombi) kabla hujaziandika, PHPUnit, programu ya kuendesha testi, haina njia nyengine ya kuzikuta testi zako, na Smalltalk, lugha ya zamani, ilikuwa na perform: ya kazi hiyo hiyo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nakubali, shingo upande. Lakini wale waandika kitu cha watu wasiowajua, wewe una aina tano za malipo na zote wazijua kwa majina! Weka match, nduguye switchi, andika tano zote zikiwa nzima, au weka arei ya majina kamili, mtu akitafuta azione.

Nikamwandikia dogo haya yote, marefu kuliko kodi yenyewe. Kanijibu kwa stika ya mzee amelala kwenye kiti. Kodi yake bado iko pale sijaipitisha, na leo ni Ijumaa, hata ingekuwa nzuri nisingeipitisha, ikivunjika wikendi yangu ndio hiyo.