Mtu Akikaa Kimya, Mwacheni

Hivi hapa Kigoma mtu haruhusiwi kukaa tu? Wiki nzima ni wateja, simu, boda, vikao vya harusi. Jumapili jioni nashuka ufukweni Kibirizi nikaliangalie Ziwa Tanganyika, kichwa kipoe. Hata sijatulia, huyo anakuja: "Vipi ndugu yangu, mbona mpweke? Unaumwa?" Nikimwambia niko salama haamini. Anakaa pembeni yangu, anatoa simu, anaanza kunionyesha video, sauti hadi mwisho. Nyuma yetu kibanda nacho kimefungulia spika mpaka kiti cha plastiki kinatetemeka.

Na ziwa lenyewe ndilo hilo, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, mita kama 1,470 kwenda chini! Halipati hata mtu wa kulitazama kimya.

Wavuvi wa dagaa wanatushinda kwa hili. Kazi yao ni ya usiku, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti dagaa vizuri, basi wanapumzika: wanashona nyavu, wanalala, wanakaa na watoto. Hakuna anayewauliza wana matatizo gani. Sisi wa madukani na maofisini tukitulia kidogo tunaonekana wagonjwa, wenye madeni, au tumeachwa. Inaniuma kweli, maana akili nayo inachoka kama mgongo.

Salamu nitaitikia kwa moyo wote, hiyo ni haki yako. Ukishasalimia, pita. Na hiyo spika, jamani, ipunguzeni!